Upanga wa gramu 1,290: tulivyokagua rapia na jambia lake kabla siku 14 hazijaisha

Mpwa wangu alinipigia simu Jumanne usiku, sauti imejaa furaha. Mzigo wake umefika: rapia na jambia lake la kupangulia, seti moja, vimetengenezwa siku hizi kwa kufuata silaha za kaskazini mwa Italia za miaka ya 1600 hadi 1620. Alidunduliza miezi saba, akalipa pauni 640. “Mjomba, upanga una gramu 1,290 tu. Na nimeulaza kidoleni, umetulia sentimita 8.5 kutoka kwenye msalaba, hiki chuma kilichokingama mbele ya mpini. Si ndivyo mnavyotaka nyinyi?”

Ndivyo tunavyotaka: upanga mwepesi, na mizani yake, pale unapotulia kidoleni, iwe karibu na mkono. Kwa hiyo nilipoushika Jumamosi ile, nikanyoosha mkono, nikajaribu kuihamisha ncha kutoka kwenye kitasa cha mlango hadi kwenye swichi ya taa, nilishangaa. Ncha ilichelewa kuondoka, na ilipofika ikapitiliza. Namba mbili nzuri, na kiganja kinakataa. Siku zilizobaki tulizitumia kutafuta sababu, na nimeamua kuyaandika yote kwa kirefu, maana wapo wenzetu kadhaa huku Ulaya wanaoupenda mchezo huu wa panga za kale, na wengi wao wananunua kwa kusoma namba hizo hizo mbili.

Kwa asiyeijua, rapia ni upanga mrefu, mwembamba, wa mkono mmoja, uliotawala Ulaya Magharibi tangu karne ya 16 hadi katikati ya karne ya 17. Kazi yake ya kwanza ni kuchoma. Makali yapo, lakini si panga la kufyekea. Ulivaliwa mjini kuliko vitani, kiunoni mwa waungwana na mwa wale waliotaka kuhesabiwa waungwana. Mpini wake umezungukwa na fito za chuma zilizopindwa na kusukana, ili vidole visikatwe. Mkono wa kushoto ulishika jambia. Mtu wa pwani akisikia jambia ataliona lile lililopinda la Oman. Hili limenyooka, na hushikwa ili kupangua upanga wa adui wakati wa kulia unachoma. Walimu wa Italia waliyaandika mafunzo haya kwa michoro: Fabris mwaka 1606 akiwa Copenhagen, Giganti mwaka huo huo Venice, Capo Ferro mwaka 1610 Siena. Wote watatu wanafundisha upanga peke yake na upanga pamoja na jambia. Ukitaka kuuweka wakati huo kwenye kalenda ya kwetu, ujenzi wa Ngome ya Yesu Mombasa ulianza 1593, nayo ilichorwa na Mwitaliano, Cairati.

Sasa tulikuwa na mipaka. Hapa Uingereza sheria ya 2013 inampa aliyenunua kwa mtandao siku 14 tangu mzigo umfikie, abadili nia bila kudaiwa sababu. Lakini akikitumia kitu kuliko inavyohitajika kukikagua, muuzaji ana haki ya kukata sehemu ya fedha kwa thamani iliyopungua. Maana yake hatukuweza kuugonga upanga huu na mwingine, wala kuujaribu kwa tupa, wala kufungua nati ya kitako, kile kichwa cha chuma mwishoni mwa mpini, tuone ndani. Tulibaki na macho, vidole, mizani ya jikoni, rula, kalipa ya kupimia unene na saa. Na siku nne zilikuwa zimekwishapita.

Kabla sijagusa chochote nilimwuliza: unautakia nini? Akataja mambo matatu. Afanye mazoezi peke yake nyumbani, auvae kwenye maonyesho ya mavazi ya kale, na apambane nao na wenzake klabuni Jumapili.

La tatu nililifuta pale pale. Rapia ya kupambania hutengenezwa kwa nia nyingine kabisa: ncha yake ni butu na pana, huvishwa kifuniko cha mpira, makali yake yamekunjwa au yameachwa manene, na kengee yake, yaani chuma chenyewe toka msalabani hadi nchani, hupinda kwa urahisi sehemu ya mbele ili ikimgusa mtu kifuani ipinde yenyewe badala ya kupenya. Upanga uliokuwa mezani ulikuwa na ncha ya kweli. Hata ungeipiga tupa ncha hiyo ikawa butu, kengee isiyopinda mbele inampiga mwenzako kama mchi. Barakoa ya mchezo haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Uso wake ulianguka, na nilimhurumia, kwa sababu maelezo ya muuzaji yalisema “unafaa kwa matumizi kamili”, na mtu mgeni atayasoma maneno hayo anavyoyasoma yeye. Tukabaki na mambo mawili, mazoezi ya peke yake na mavazi. Hukumu yote iliyofuata nimeitoa kwa hayo mawili.

Tulianza na macho. Nililiinua shina la kengee, sehemu iliyo karibu na mkono, usawa wa jicho, nikaitazama hadi nchani kama fundi seremala anavyotazama ubao: imenyooka, hakuna mpindo wala msokoto. Mng'aro wake ni wa mashine, na mistari ya jiwe la kusagia inaonekana ukiugeuza kwenye mwanga wa dirisha, jambo ambalo halinisumbui. Waya wa mpini umesokotwa vizuri na mafundo ya juu na chini yamekaza. Chini ya fito za mkono, mahali ambapo mnunuzi hapatazami, kulikuwa na vishimo vya kuchomelea visivyosuguliwa, vitatu. Havidhoofishi kitu. Vinaonyesha tu kwamba fito zilikatwa vipande zikaunganishwa kwa moto wa umeme, na kwa bei ile sikutegemea zaidi.

Shinani kulikuwa na alama ya mbwa mwitu anayekimbia, imechorwa kwa mashine, mistari yake safi kama ya stempu. Alama hiyo ina historia ndefu. Ilianza kwa wafua panga wa Passau, kisha wale wa Solingen wakaichukua, na kwenye kengee za kale mara nyingi ni mikwaruzo michache tu ya patasi, wakati mwingine imejazwa shaba ya manjano, mpaka lazima uambiwe kwamba huyo ni mnyama. Kengee za Solingen zilisafiri mbali. Nyingi zilifika Oman zikatiwa mipini ya huko, na kwetu Unguja upanga mrefu ulionyooka wenye makali pande mbili ukaitwa upanga wa feleji. Nimekulia nikiwatazama wazee kwenye razha, ngoma ya panga, wakiutetemesha mkononi mpaka chuma kinawaka kama maji ya jua. Kengee ya feleji ni nyembamba na laini kwa makusudi, inatetemeka kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Rapia inatakiwa kinyume chake, na hilo ndilo lililotupeleka kwenye kalipa.

Nilimwambia mpwa wangu aushike upanga umelala ubapa, mpini umeshindiliwa ukingoni mwa meza, kengee yote hewani. Ncha ilining'inia kama sentimita 3 chini ya usawa wa shina. Kushuka kidogo ni kawaida kwa chuma kirefu hivyo. Kilichonivuta ni mahali mpindo ulipoanzia, karibu kabisa na mkono, wakati sehemu ya mbele imenyooka kama fimbo. Tukachukua kalipa tukapima unene, si upana, kila sentimita 25 kutoka kwenye msalaba:

shinani milimita 5.6; kwenye sentimita 25, milimita 5.2; kwenye 50, 4.9; kwenye 75, 4.6; kwenye 100, 4.2.

Urefu wa kengee ni sentimita 106, kwa hiyo hapo mwisho tumebakiza sentimita 6 kufika nchani. Upana nao unashuka vizuri, kutoka milimita 24 hadi 11, ndiyo maana picha za tangazo zilipendeza. Ukiutazama upanga huu uso kwa uso unaona mshale. Ukiugeuza ubavu unaona rula.

Hapa pana uzito wa kisa kizima, kwa hiyo niruhusuni nikae kidogo. Walimu wa kale waliigawa kengee kwa nguvu zake: sehemu ya karibu na mkono ni yenye nguvu, hiyo ndiyo ya kupangulia; sehemu ya mbele ni dhaifu, hiyo ndiyo ya kushambulia. Upanga wa adui unapokutana na shina lako, shina lisitikisike. Ncha yako inapotafuta upenyo, iwe nyepesi, ifuate wazo lako mara moja. Mfua chuma anayatimiza yote mawili kwa kitu kimoja, kuupunguza unene kadiri anavyokwenda mbele. Rapia nzuri zilizotengenezwa kwa kufuata za kale nilizopata kuzipima huwa na milimita 7 au 8 shinani, zikashuka hadi 3 au chini ya hapo karibu na ncha. Chuma kinene kidogo shinani kinaongeza ugumu mno, kwa sababu ugumu wa kupinda unakwenda kwa mchemraba wa unene: 8 dhidi ya 5.6 si tofauti ya theluthi moja, ni karibu mara tatu. Na gramu chache zikiondoka nchani, mita moja kutoka kwenye kiganja, mkono unazihisi kuliko gramu mia zilizoondoka kwenye kitako.

Upanga wetu ulikuwa mwembamba mahali pa kuwa mnene, na mnene mahali pa kuwa mwembamba. Sikuwepo kiwandani, lakini namba hizo zinasimulia: kengee imekatwa kwenye bamba la milimita 6, ikasagwa pande zake mpaka mgongo utokeze katikati, basi. Kuupunguza unene kwa kufua au kwa kusaga ni saa nyingi za mtu anayejua, na saa hizo ndizo zinazokatwa kwanza bei inapotakiwa ishuke.

“Lakini mjomba, mizani mbona iko karibu na mkono?”

Swali zuri, na jibu lake liko kwenye kitako. Kitako cha upanga huu ni tufe la chuma, kipenyo milimita 50. Tufe la chuma la ukubwa huo, likiwa gumu mpaka ndani, lina uzito wa gramu 510 hivi. Toa hizo kwenye 1,290 uone: sehemu mbili kati ya tano za uzito wa upanga mzima zimekaa nyuma ya mkono. Wauzaji wanajua wanunuzi wanauliza mizani inakaa wapi, na njia rahisi kuliko zote ya kuisogeza mizani ni kutundika chuma nyuma. Nilimweleza mpwa wangu kwa mzega. Bibi yake alikuwa akichota maji kwa mzega, ndoo mbele na ndoo nyuma. Ndoo ya nyuma inaufanya mti utulie begani, lakini haipunguzi hata tone la ndoo ya mbele. Jaribu kugeuka ghafla utaiona.

Kulaza upanga kidoleni hakutoshi, basi, kwa sababu kidole kinakwambia mzigo umekaa sawa, hakikwambii umetawanyika vipi. Kipimo cha pili ni rahisi na kila mtu anaweza kukifanya nyumbani. Tuliweka ngazi mbili za kupakia rangi zikitazamana, tukaacha nafasi kati yake, mikono ya msalaba ikalala juu ya kingo zake na kengee ikaning'inia katikati kama pendulamu ya saa ya ukutani. Tukaisukuma kidogo tu, ubapa mbele, ubapa nyuma. Mpwa wangu akahesabu, mimi nikashika saa. Kwenda na kurudi mara 10: sekunde 22.0. Tukarudia: 21.9. Tena: 22.0.

Mbembeo mmoja ni sekunde 2.2. Izidishe kwa yenyewe, 4.84, kisha izidishe kwa 24.85, unapata sentimita 120. Umbali huo kutoka kwenye msalaba ndipo ilipo nukta ambayo mkono ukitikiswa ghafla upande mmoja, yenyewe hubaki palepale. Kila upanga unayo. Kwenye panga za kuchoma nilizozoea, nukta hiyo huangukia karibu na ncha, na ndiyo siri ya raha yake: mkono unakwenda kulia kupangua, ncha inabaki inamtazama adui. Kwenye upanga huu kengee inaishia sentimita 106. Nukta yenyewe iko sentimita 14 mbele ya ncha, hewani. Mkono ukienda kulia, ncha nayo inakwenda kulia. Ndicho nilichokihisi kati ya kitasa na swichi, ila wakati ule sikuwa na namba.

Niliuning'iniza na wangu, ambao nimeutumia miaka sita na kengee yake ni sentimita 105. Sekunde 20.5 kwa mibembeo 10. Fanya hesabu utafika 104. Mizani yake kidoleni iko sentimita 11.5 kutoka kwenye msalaba. Kwa namba ya tangazo ungeonekana mzito mbele kuliko ule wa mpwa wangu. Nilimpa panga zote mbili, moja moja, amefumba macho, nikamwambia aelekeze ncha kwenye sauti ya kidole changu nikigonga meza. Alipofumbua macho hakusema kitu kwa muda.

Nikapiga hesabu nyingine, maana sikutaka kumkatisha tamaa bure. Je, tukibadilisha kitako? Kwa makadirio yangu, kitako cha gramu 400 kingeirudisha nukta ile karibu na ncha, na mizani ya kidoleni ingesogea hadi sentimita 11 hivi. Kosa moja lingetibika kwa kazi ndogo ya fundi. Lakini shina lingebaki jembamba, ncha ingebaki nene, na uzito ule wa mbele usingekwenda popote. Yaani aliyetundika gramu 500 nyuma alikuwa na upanga wenye afadhali mkononi mwake, akauharibu kuifukuza namba inayouzika. Hilo liliniuma kuliko bamba la milimita 6. Bamba ni gharama, naelewa. Kitako kilikuwa uchaguzi.

Kisha kulikuwa na mlio. Ukikipiga kitako kofi la wastani, kengee inaimba, na ndani ya wimbo kuna mvumo kama nzi kwenye kopo. Tulitafuta chanzo kwa kugusa fito moja moja kwa kidole mpaka ukanyamaza. Ulikuwa upinde unaolinda vifundo vya vidole: ncha yake inaingia kwenye tundu la kitako, na ilikuwa haijakaa. Karatasi ya risiti ilipita. Kitako kimefungwa kwa nati kwenye hesi ya msuka, ule mkia wa kengee unaopita ndani ya mpini, hakikupondewa. Watu wengi huiona nati kuwa dalili ya kazi rahisi. Mimi naiona ina faida, kwa sababu kilicholegea hukazwa. Lakini upanga mpya, siku ya tano, haujagonga chochote, ulegee? Na msuka wenyewe hatukuuona. Panga nyingi za mapambo zina msuka ambao ni msumari mwembamba uliochomelewa kwenye shina, na hapo ndipo zinapokatikia. Sisemi huu ulikuwa hivyo. Nasema nusu kilo ya kitako ilikuwa inaning'inia kwenye kitu tusichoweza kukiona, na upanga ungezungushwa sebuleni mwa dada yangu.

Kuhusu chuma chenyewe tulikuwa na neno la muuzaji kwamba ni cha springi, chenye kaboni. Mpwa wangu alileta sumaku ya friji, ikanata, akafurahi. Nilimweleza kwamba chuma kisichoshika kutu cha aina ya 420, kinachotumiwa kwenye panga nyingi za ukutani na kisichofaa kwa kengee ndefu, nacho hunasa sumaku. Tulichoweza kufanya ni kuegemeza ncha kwenye kipande cha mbao laini na kusukuma taratibu mpaka kengee ipinde kama sentimita 5. Ikarudi, imenyooka, mara nne. Kilitiwa maji sawasawa kwa kiasi hicho, na kiasi hicho tu ndicho ninachokitolea ushahidi.

Urefu haukuwa na tatizo. Capo Ferro anataka upanga ulingane na umbali kutoka kwapani mpaka unyayoni. Kwa mpwa wangu hiyo ni sentimita 127, na upanga mzima, pamoja na mpini, ni 122. Angeweza kuuvaa Siena bila kuchekwa. London, hapana: tangazo la Malkia Elizabeth wa Kwanza la 1566 liliweka kikomo cha yadi moja na nusu ya robo ya yadi kwa kengee, takriban sentimita 103, na inchi 12 kwa jambia. Panga zilizozidi zilivunjwa ncha milangoni mwa jiji.

Sasa jambia. Kwa kweli nililiacha la mwisho kwa sababu nililidharau. Nilidhani ni upanga ule ule uliopunguzwa. Nilipolishika nilikaa kimya.

Kengee sentimita 33, uzito gramu 520. Unene shinani milimita 7.3, katikati 5.4, karibu na ncha 2.9. Halikutoka kwenye bamba la upanga, hilo halina shaka, kwa kuwa bamba lile halikuwa na unene huo. Mikono ya msalaba imepinda kidogo kuelekea mbele, ya kutosha kuuzuia upanga wa mtu usiteleze, isiyozidi kiasi cha kunasa nguo. Upande mmoja kuna pete ya kulinda vifundo, na upande wa pili, shinani, kuna kishimo cha dole gumba. Hiki kishimo ndicho kilichonishinda. Jambia la kupangulia hushikwa dole gumba likiwa limelala juu ya shina la kengee, na mahali hapo pakiachwa bapa dole linateleza kengee inapopigwa. Aliyelitengeneza alikichonga kwa kina cha ukucha, akaizungusha kingo yake isikwaruze ngozi, na akakiweka mahali ambapo dole likitua tu, pete nayo inakuwa imefunika vifundo vya nje bila kulazimisha kiwiko. Niligeuza mkono juu, chini, nikanyoosha. Kila mahali pete ilikuwa kati yangu na adui. Mtu hafikii hapo kwa kutazama picha. Aliyefanya kazi ile ameshika jambia na mwenzake akamshambulia.

Tuliviweka vyote viwili juu ya kitambaa cheusi mezani. Kweli vinalingana: matufe mawili ya sura moja, msokoto mmoja wa waya, mchongo mmoja kwenye fito, mbwa mwitu wawili. Seti za namna hiyo zilikuwepo zamani, na za watawala wa Saxony zimehifadhiwa Dresden. Lakini zile zililingana mkononi pia. Kwenye mapigano ya mikono miwili kushoto kunafungua na kulia kunaingia kwa pumzi moja, na kama kulia kunachelewa, ulichofungua kinafungwa kabla hujafika. Mpwa wangu angejifunza kusubiri. Angeuzoesha mwili wake kupangua kwanza, kisha kuchoma, hatua mbili mahali pa moja, na mwalimu wake angemhangaisha mwaka mzima kuitoa tabia ambayo haikuwa yake, ilikuwa ya kitako. Kwa mavazi seti ile ilifaa kabisa, na kama angetaka hilo tu ningemwambia abaki nayo, akaze nati, afurahi. Kwa mazoezi nilimwambia hapana.

Alilifikiria neno hilo siku mbili. Siku ya 10 alimwandikia muuzaji kwamba anarudisha upanga, na akaomba abaki na jambia kwa bei yoyote atakayoambiwa. Aliambatanisha vipimo vyetu vyote, vya unene na vya mibembeo, si kwa kulalamika bali ili vimfikie fundi. Jibu lilikuja kwa heshima: jambia haliuzwi peke yake, seti ni seti. Siku ya 12 vyote viwili vilirudi kwenye boksi lao, vikiwa vimepakwa mafuta. Alichelewa kulifunga. Nilimwona akiweka dole gumba kwenye kile kishimo mara ya mwisho, akaligeuza jambia juu na chini, ndipo akalifunika kwa karatasi. Fedha zilirudi kamili.

Miezi minne baadaye alinunua rapia ya kupambania, butu, kutoka kwa fundi mwingine, bila jambia kwa sasa. Mchongo hauna, mbwa mwitu hana. Hakunipigia simu usiku ule, alinitumia video. Ngazi mbili za rangi zimesimama sebuleni, dada yangu anasikika nyuma akiuliza ngazi zimeingiaje ndani na viatu vyake, na kengee ya sentimita 108 inabembea katikati, taratibu, mpwa wangu akihesabu kwa sauti mpaka 10. Kisha saa inaletwa karibu na kamera: sekunde 20.8.